Fahamu: Mnyama wa milima ya Taita anayewalisha wanawe ngozi yake

Ukilima shamba la mahindi au migomba kuzunguka Wundanyi, jembe linaweza kufukua kitu kama mnyoo mnene, cheusi chenye rangi ya samawati kwa mbali na pete mwilini. Wengine hudhani ni nyoka, na hapo hukumu yake huwa ni jembe la pili. Kumbe ni jamaa wa chura! Wanasayansi humwita sesilia: amfibia asiye na miguu, anayeishi chini ya udongo.

Ajabu yake iko kwenye malezi. Mama hutaga mayai kwenye tundu lenye unyevu, kisha hujikunja kuyazunguka. Makinda yakianguliwa, ngozi yake ya nje huwa tayari imenenepa na kujaa mafuta. Yana meno maalumu ya kukwangua, nayo huivua ngozi hiyo vipande vipande na kuila. Mama hutulia tu. Habaki na kilema, kwani ngozi huota upya na karamu hurudiwa, ila uzito wake hupungua. Utafiti uliofichua malezi haya ulichapishwa katika jarida la Nature, Aprili 2006.

Si mbali na hapo, mlima Sagalla juu ya Voi una sesilia wake, aliyetambuliwa rasmi mwaka 2005. Hapatikani penginepo popote duniani, na mikaratusi inakausha udongo anaouhitaji.

Sesilia hana sumu ya kukudhuru wala hali mazao yako. Ukimfukua, mfunike tena.