Kichupa Kimoja, Dawa Mbili

Swali huja karibu kwa maneno yale yale. Mama amesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa, mkononi ana karatasi ya hospitali. Anachomoa mkobani kichupa chenye maandishi ya Kichina na picha ya goti jekundu. "Daktari, hizi za Kichina nikizimeza pamoja na za hospitali, si maumivu yataisha upesi?" Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, anayeuliza ni mchuma majani chai, kule Tabaka ni mchonga mawe ya sabuni, Nyamira ni mwalimu mstaafu mwenye presha. Mfamasia akijibu "ndiyo" amekosea. Akijibu "hapana" bado hajajibu, kwa sababu swali lenyewe linachukulia kwamba dawa ya kisasa imo kwenye karatasi na ya mitishamba imo kwenye kichupa. Mara nyingi mno, kichupa cha "asili tupu" kina dawa ya hospitali ndani yake, na aliyeitia hakuiandika popote. Mama anaomba ruhusa ya kuchanganya kitu ambacho tayari kimechanganywa.

Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1997 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya kupima sampuli 2,609 za dawa za jadi za Kichina zilizokusanywa kupitia hospitali 8 kubwa. Asilimia 23.7 zilikutwa na dawa za viwandani zilizotiwa kimyakimya: parasetamoli, indomethasini, prednisoloni, hata dawa ya presha ya kukojosha. Zaidi ya nusu ya hizo zilizochakachuliwa zilikuwa na dawa mbili au zaidi. Na huko ni Taiwan, ambako tiba ya Kichina iko nyumbani kwake na wanunuzi wanaisoma lebo. Mnunuzi wa Nyakoe asiyejua hata herufi moja ya Kichina ana kinga gani?

Mambo yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1975 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilieleza habari za wagonjwa 4 ambao seli zao nyeupe za damu ziliporomoka baada ya kumeza vidonge vya mitishamba ya Kichina. Ndani ya vidonge mlikuwa na aminopirini na fenilbutazoni, dawa mbili za maumivu ambazo hazikutoka kwenye mti wowote. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho vya mimea kwa jina la Artri King. Maabara ilikuta diklofenaki na deksamethasoni. Hivyo havikuwa vya Kichina, lakini hila ni ile ile, na wanaoitumia hawana kabila wala taifa.

Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ndiyo kipenzi chao, na sababu ni rahisi. Ni bei ya chini na haihitaji kuwa nyingi: miligramu 0.75 zake hufanya kazi ya miligramu 5 za prednisoloni, kiasi ambacho hata kwenye ncha ya kisu hakionekani kwa urahisi. Hutuliza uvimbe ndani ya saa chache, huleta hamu ya kula, huchangamsha. Mama aliyekuwa akitembelea fimbo anaamka asubuhi na kwenda shambani. Jioni anawasimulia majirani, na majirani wanatafuta kichupa.

Hapa ndipo wataalamu wengi hukosea kwa kumwambia mgonjwa kwamba anajidanganya. Hajidanganyi. Goti limepoa kweli, na ushuhuda wake ni wa kweli kabisa. Ila ushuhuda huo ndio unaoishitaki dawa. Hakuna mzizi wala gome linalojulikana, liwe la China au la milima ya Manga, linaloweza kumwinua mtu mwenye goti lililosagika kwa usiku mmoja. Steroidi huweza. Kadiri habari ya uponyaji inavyokuwa tamu, ndivyo mfamasia anavyopaswa kukishuku kichupa.

Kisha bili inakuja, kwa awamu. Uso unavimba na kuwa wa mviringo, na watu wanasema mama amenawiri. Sukari inapanda. Mifupa inapungua nguvu. Kinga ya mwili inalala, na TB iliyokuwa imejificha inapata nafasi. Tumbo linachomeka, hasa ikiwa kichupa kina diklofenaki pia, na mgonjwa anakwenda kununua dawa ya alsa bila kujua alsa imetoka wapi.

Ni wakati huo huo ambapo mtu wa kipaza sauti sokoni anakumbusha kwamba Wachina wametumia dawa hii kwa miaka elfu tano. Mababu wa Wachina walikuwa na hazina kubwa ya mimea na maarifa. Diklofenaki hawakuwa nayo. Imeingia madukani katika miaka ya 1970. Deksamethasoni ni ya maabara za miaka ya 1950. Umri wa jadi hauthibitishi kilichomo ndani ya kidonge kilichopigwa mashine mwaka jana.

Tuseme sasa mgonjwa anakwenda hospitali na hakitaji kichupa. Daktari anaona mgongo, anaandika ibuprofeni au diklofenaki. Dozi imekuwa mbili. Kama mgonjwa huyo ni yule mwalimu wa Nyamira anayemeza losatani au enalapri pamoja na dawa ya kukojosha, figo zake zinabanwa kutoka pande tatu: dawa ya presha inalegeza mshipa unaotoka kwenye chujio la figo, ya kukojosha inapunguza maji mwilini, na ya maumivu inabana mshipa unaoingia. Hapo hajafanya kosa lolote isipokuwa kuamini neno "asili".

Basi tuchukue kichupa kisicho na udanganyifu, mitishamba mitupu. Hata hapo usalama hauji wenyewe. Mizizi ya chuanwu na caowu, ambayo Wachina huitumia kwa maumivu ya viungo, ina sumu ya akonitini. Isipochemshwa sawasawa huvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Danshen, mzizi mwingine wa Kichina, huongeza makali ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na damu inakataa kuganda kabisa. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya wanawake 100 waliokuwa wakipunguza unene kwenye kliniki waliharibikiwa figo baada ya mmea mmoja wa Kichina kuchukuliwa mahali pa mwingine kwa sababu majina yanafanana.

Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote kuheshimu tiba ya jadi. Omobari, mpasuaji wa kichwa, alikuwa akifungua fuvu la mtu aliyeteswa na maumivu ya kichwa baada ya kupigwa au kuanguka, akaukwangua mfupa, na wagonjwa wengi waliishi. Madaktari wa hospitali waliandika habari zake kwenye majarida ya tiba kuanzia miaka ya 1950, na Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi hospitali ya Mathari, alikuwa mmoja wao. Hakuna anayependekeza kazi hiyo irudi. Lakini omobari alifanya kazi yake mchana, ndugu wakitazama, na kila mtu alijua kisu kinafanya nini. Kichupa cha sokoni hakina hata uwazi huo.

Kuunganisha tiba mbili kunawezekana, na karibu kila nyumba ya Gusii imeshafaidika bila kujua. Dawa ya malaria iitwayo AL, ambayo Kenya iliifanya chaguo la kwanza tangu mwaka 2006, ina chimbuko katika mmea wa Kichina uitwao qinghao. Mwanasayansi Mchina Tu Youyou alisoma maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong, akatambua kwamba joto huua nguvu ya mmea, akaitoa dawa yake kwa etha badala ya kuuchemsha. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel. Kinachomezwa leo kina jina, kipimo kwa uzito wa mtoto na ratiba ya siku 3. Vivyo hivyo, katika hospitali za China zenye idara zote mbili, mitishamba na vidonge huandikwa kwenye faili moja. Faili hiyo ndiyo inayokosekana sokoni.

Na akupancha, ile tiba ya sindano nyembamba? Hii inastahili jibu la haki. Ujerumani, mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi 6, asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa utaratibu wa Kichina walikuwa na nafuu, dhidi ya asilimia 27.4 ya waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida. Ushindi? Ngoja kidogo. Kundi la tatu lilichomwa sindano za juu juu, mahali pasipo na "pointi" yoyote, na asilimia 44.2 walipata nafuu. Kwa hiyo sindano husaidia baadhi ya watu, lakini ramani ya pointi haielezi mengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu kiuno, limeikubali kwa masharti. Mikanda ya kiuno inayotundikwa madukani limeikataa.

Yaliyobaki ni mafupi. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Mazoezi ni dawa ya mgongo kuliko kitanda; Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na ile ya kaunti ya Nyamira zina fiziotherapia. Plasta na balmu za mentholi ni za ngozi, zibandikwe au zipakwe ngozini, zisikaribie jeraha. Anayetaka akupancha aione sindano ikitolewa kwenye pakiti mpya, na aseme mapema kama anatumia warfarini. Kichupa chochote kipelekwe kliniki kama kilivyo, na lebo yake, hata kikiwa tupu. Namba ya usajili itafutwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na madhara yaripotiwe huko. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuripoti. Maumivu ya mgongo yanayokuja na ganzi katikati ya mapaja, mkojo kukataa au kutoka wenyewe, homa, au kukonda kusikoeleweka, hayasubiri siku ya soko. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo moja haliharakishwi. Aliyemeza kichupa kinachoshukiwa kwa wiki kadhaa asikitupe jalalani leo na kulala. Tezi zilizo juu ya figo zinapoletewa steroidi kutoka nje huacha kutengeneza ya kwao, na ikikatika ghafla mtu huweza kutapika, kulegea, presha ikashuka hadi akazimia. Daktari ndiye atakayempa prednisoloni ya kipimo kinachojulikana na kuipunguza hatua kwa hatua, kazi inayoweza kuchukua wiki au miezi kutegemea kichupa kilimezwa kwa muda gani.