Sonko aliyerarua picha yake

Kama unadhani kufuta picha zisizokupendeza kulianza na simu, bado hujasikia kisa cha J.P. Morgan. Huyu alikuwa sonko wa masonko New York: benki, reli, chuma, kote alikuwa na mkono. Na alikuwa na pua. Ugonjwa wa ngozi uliifanya ivimbe na kuwa nyekundu, na picha zake zilirekebishwa kabla hajaziona watu. Filta ya enzi hizo ilikuwa mkono wa fundi, basi.

Mwaka 1903 mchoraji mmoja, Fedor Encke, alikuwa akimchora, lakini Morgan hakuwa na subira ya kukaa kitako. Encke akaamua kutumia picha. Kazi ikamwangukia Edward Steichen, mzaliwa wa Luxembourg ambaye hata miaka 25 hakuwa ametimiza. Dogo aliacha shule akiwa na miaka 15 akaingia kampuni ya uchapaji huko Milwaukee (kumbe tuko wengi).

Steichen alijua hatapewa muda. Kwa hivyo kabla mdosi hajafika, alimkalisha mtunza jengo kwenye kiti na kupanga mwanga wote kwake. Morgan akaingia, akaketi, na kwa dakika kama tatu kazi ikawa imeisha.

Picha ya kwanza ilikuwa ile Encke aliitaka: mzee ametulia, heshima tele. Kisha Steichen akamwomba asogeze kichwa kidogo. Morgan akakasirika. Akajisogeza, akarudi palepale alipokuwa, lakini sasa uso ulikuwa umewaka. Dogo akafyatua hapohapo.

Itafute hiyo ya pili mtandaoni. Giza kila upande, macho yanakutoboa. Steichen mwenyewe alisema kuyatazama ni kama kusimama mbele ya taa za treni inayokuja. Na mkono wa kushoto ni kama umeshika kisu. Si kisu. Ni mkono wa kiti uliopigwa na mwanga, lakini jaribu kuuona kama kiti tena!

Morgan aliipenda ya kwanza. Ya pili aliirarua.

Watu husema ni kwa sababu ya pua. Mimi sikubaliani. Pua alishazoea kurekebishiwa, lakini yale macho nani angeyarekebisha? Baadaye watu wake wakaisifu ile ya pili, naye akatangaza dau la dola 5,000 anunue nakala. Hakuuziwa. Alipoagiza achapishiwe nyingine, Steichen akamsubirisha kwa miaka. Kisasi cha kitoto, lakini kitamu.

Mwaka 1923 Condé Nast alimwajiri Steichen kwenye Vanity Fair na Vogue, na mastaa wakaanza kupanga foleni. Mwaka 1924 alimpiga Gloria Swanson huku kitambaa cheusi cha lesi kikining'inia mbele ya uso wake, ukadhani ni chui anayechungulia vichakani.

Ila ninayoipenda zaidi ni ya Greta Garbo, 1928. Alikuwa katikati ya kurekodi filamu, na Steichen akapewa dakika chache tu za mapumziko. Akalalamika kwamba nywele zake zimetengenezwa kisinema mno. Garbo akazisukuma zote nyuma kwa mikono miwili, akazishikilia hapo, uso ukabaki mtupu.

Hiyo hakuirarua mtu.