Kibera na Sabaki: Maji Hufuata Mkondo

Mtu wa Pwani akitajiwa Kibera na Kawangware, aghalabu hudhani ametajiwa mabati, vumbi na msongamano wa watu, basi. Lakini majina yenyewe yasema mengine. Kibra, kwa lugha ya Wanubi, ni msitu. Ndivyo walivyopaita askari wa Kinubi wa jeshi la mkoloni, Waislamu wenzetu, walipopewa kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Na ndani ya jina Kawangware limo neno la Kikuyu, ngware, ambaye ndiye kwale, ndege mwenye jina moja na mji wetu wa Kwale.

Je, msitu na kwale wa Nairobi watuhusu nini sisi wa Pwani? Tufunge safari, ndugu msomaji, tuone.

Ukitoka Malindi kushika njia ya Lamu, kabla hujafika Mambrui utavuka daraja la Mto Sabaki. Teremka hapo, uelekee mto unapoingia baharini. Utaona heroe wakichokora tope kwa midomo, viboko wakichungulia majini, na wakati wa kaskazi ndege wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Mvua ikinyesha bara, mto huja mwekundu kwa udongo, hata bahari ya Malindi ikageuka rangi.

Ufuate mto huo juu. Katika mbuga ya Tsavo Mashariki huitwa Galana, na mamba huota jua karibu na maporomoko ya Lugard. Ukizidi kupanda huitwa Athi, na karibu na Thika huporomoka kwa kishindo mahali paitwapo Fourteen Falls. Maji ya Mto Nairobi huwa yamo tayari. Na huo Mto Nairobi hupokea vijito vya upande wa Kawangware, tena hupokea Mto Ngong, utokao katika Bwawa la Nairobi, ukingoni mwa Kibera.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya mji. Watu walikuwa wakiendesha humo mashua za tanga. Baadaye likasongwa na magugu-maji, taka na maji ya vyoo, na matanga yakatoweka. Kijito cha Motoine, kinacholilisha, hupitia Msitu wa Ngong, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mpaka leo mwenye kwenda kwa miguu humo ataona kima wakiruka mitini na kusikia ndege wa kila sauti. Huo ndio msitu uliosalia jirani na Kibera, ijapokuwa umemegwa sana.

Tusiwalaumu wakazi kwa haraka. Mtu aliyepangishwa chumba kisicho na choo wala mfereji, uchafu ataupeleka wapi? Tena Mto Ngong, ukishatoka bwawani, hupita katikati ya viwanda, na viwanda si mali ya maskini wa Kibera.

Chuoni tulifundishwa kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji yaliyogeuzwa na najisi hayafai udhu. Kwa kipimo hicho, mtoto wa chuo yeyote akisimama kando ya kijito cha Kibera atatoa hukumu bila kufungua kitabu.

Basi anayedhani kukatwa kwa Msitu wa Ngong ni habari ya watu wa bara, na aende Sabaki akatazame mifuko ya plastiki iliyonasa katika mikoko. Wavuvi wa Malindi na wapangaji wa Kibera ni majirani, ingawa hawajapata kuonana. Mwenye kudai mto safi Mambrui, hana budi kuwadaia wenziwe vyoo na mifereji Kibera. Maji hufuata mkondo, na mkondo huu mwisho wake ni kwetu.