Utambuzi Kabla ya Msasa: Maandalizi ya Samani Kuukuu za Mbao Nyumbani
Makala haya yanafafanua maandalizi ya samani kuukuu za mbao kabla ya kupakwa upya nyumbani. Hoja yake ya msingi ni kwamba kuutambua utando uliopo hutangulia msasa. Kwanza, samani hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha huachwa ikauke. Pili, tone la spiriti hutiwa mahali palipofichika, mbali na moto. Utando ukilainika na kunata, yaelekea ni shelaki. Huo huondolewa kwa spiriti na kitambaa, bila kuila mbao. Usipobadilika, huenda ni vanishi, ambayo hukwanguliwa na kupigwa msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kuanzia namba 80 au 120 hadi 180. Rangi ya zamani huhitaji tahadhari zaidi: yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo haipigwi msasa ikiwa kavu. Hulowanishwa, watoto huwekwa mbali, na mabaki yote hukusanywa. Utando hupakwa tena. Mbao iliyoliwa na msasa hairudi, wala afya ya mtoto aliyedhurika.