Kipimo cha Figo: Kwa Nini Mgonjwa Huambiwa Arudi Tena

Katika ziara zetu sharikani tumeulizwa mara kwa mara kwa nini msharika aliyepelekwa hospitali kupimwa figo hutolewa damu, huombwa mkojo, kisha huambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Wengine hudhani hospitali inatafuta fedha. Swali ni la haki, hasa pale nauli inapotoka kwenye mfuko wa diakonia.

Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Kuupima uchujaji huo moja kwa moja ni kazi ndefu na ya gharama, kwa hiyo daktari hupima taka ambayo figo zilipaswa kuitoa. Taka inayotumika zaidi ni kreatinini, inayotoka kwenye misuli. Figo zikidhoofika, kreatinini hupanda katika damu.

Hapo ndipo penye mtego. Mwenye misuli mingi hutengeneza kreatinini nyingi, na aliyekonda hutengeneza kidogo. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 25 na bibi wa miaka 75, wote wakiwa na kreatinini ya maikromoli 100 kwa lita. Karatasi za maabara zinafanana. Lakini namba hiyo ikiingizwa katika hesabu inayozingatia umri na jinsia, figo za kijana huonekana kuchuja mililita 90 hivi kwa dakika, na za bibi 50 hivi. Kijana yuko salama. Bibi anahitaji kufuatiliwa. Kwa sababu hiyo tunaziomba zahanati zetu ziandike umri na jinsia kwenye kila fomu ya maabara, jambo ambalo bado husahaulika.

Hesabu yenyewe ina historia yake. Ilitengenezwa Marekani, na kwa miaka mingi iliongeza kiwango kwa mtu mweusi, kana kwamba figo zake ni imara zaidi. Nyongeza hiyo iliondolewa katika hesabu mpya ya mwaka 2021. Hata hivyo utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa hesabu za kreatinini bado huzisifu figo za watu wa huku kupita hali halisi. Daktari mwangalifu hategemei namba hiyo peke yake.

Ndiyo maana mkojo huombwa. Chujio lililotoboka huvujisha protini, na protini huweza kuonekana kwenye mkojo wakati kreatinini bado ni ya kawaida. Kijiti cha kupimia ni cha bei nafuu, na majibu hupatikana kwa dakika chache.

Na miezi mitatu? Kuharisha, malaria kali au dawa za maumivu kama diklofenaki huweza kupandisha kreatinini kwa muda, kisha ikashuka. Ugonjwa huitwa sugu pale tu uchujaji unapobaki chini ya 60, au protini inapoendelea kuonekana, kwa zaidi ya miezi mitatu. Uchujaji ukishuka chini ya 15, figo zinahesabiwa kuwa zimeshindwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka mkoani Kilimanjaro ulikuta kwamba takriban watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawakujijua.

Baadhi ya wafadhili wetu wametuuliza kama wanunue mashine ya kusafisha damu. Tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini mashine hiyo hudai maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha pekee, umeme wa uhakika na wauguzi waliofunzwa, na kwa kawaida mgonjwa huhitaji kuja mara tatu kwa wiki. Kwa maoni yetu, vijiti vya mkojo na vitendanishi vya kreatinini vitawafikia watu wengi zaidi, tena mapema, kuanzia na wenye kisukari na shinikizo la damu, ambao wanapaswa kupimwa walau mara moja kwa mwaka.

Kwa kamati za sharika: mnapopanga bajeti ya wagonjwa, wekeni nauli ya safari mbili, na mhakikishe mgonjwa anarudi na karatasi ya majibu ya kwanza.