Kabla Sampuli Haijafika Kabaile

Februari 2021 wasafiri watatu kutoka Tanzania walipimwa korona walipotua Luanda, Angola. Wakakutwa na kirusi chenye mabadiliko mengi kuliko ilivyozoeleka wakati ule. Sisi tulikuwa kimya tangu Mei 2020, takwimu zetu zikiwa zimegota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Habari ya kirusi hicho tukaletewa na wenzetu.

Mengi yamefanyika tangu hapo, na ni haki kuyataja. Homa ya Marburg ilipozuka Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, Machi 2023, ikaua sita kati ya wagonjwa tisa, ilidhibitiwa ndani ya miezi mitatu. Leo mkoa huo una maabara inayohamishika, pale Kabaile.

Kisha Marburg ikazuka tena, safari hii Biharamulo, mkoani humohumo. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024, akafariki tarehe 16. Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, ilikuwa bado haijatangaza kumaliza Marburg yake iliyoua watu 15. Taarifa za vifo vya kutia shaka zililifikia Shirika la Afya Duniani Januari 10. Hapo katikati ni mwezi mzima wa kuuguzana, kuosha maiti na kuzika. Wizara ya Afya ikasema sampuli hazina Marburg, hadi Rais Samia alipothibitisha ugonjwa Januari 20. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, waliokufa walikuwa kumi.

Maabara ilikuwepo. Siku zile za mwanzo ndizo zilizopotea.

Mtu akishikwa na homa Ihembe, kule Karagwe, majirani watasema malaria. Marburg nayo huanza hivyohivyo: homa, kichwa, misuli kuuma. Wa kushtuka mapema ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayejua kwamba nyumba ileile ilizika mtu wiki iliyopita. Naye anahitaji simu yenye salio, mtu wa kupokea taarifa yake, na pikipiki yenye mafuta ya kuwahisha sampuli kabla barafu haijayeyuka ndani ya boksi.

Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa. Naupenda mpango huu. Hofu yangu ni miezi isiyo na mlipuko, kwa kuwa fedha za dharura huja na msafara wa magari na huondoka nao siku 42 zikitimia bila mgonjwa mpya. Posho ya mhudumu wa Ihembe inapaswa kuingia hata mwezi ambao daftari lake lina malaria tupu.