Kupona Katikati ya Watu: Utangulizi

Kitabu hiki nimewaandikia wale ambao kijana huwakimbilia kabla ya kumfikiria daktari: mwalimu, shangazi, kiongozi wa kwaya, muuguzi wa kituo cha afya, rafiki wa kucheza naye mpira. Rugenge, kama mitaa mingine ya Uvira, mashariki mwa Kongo, iliyobanwa kati ya ziwa na milima, ina watu wa namna hiyo tele. Mtaalamu wa nafsi ndiye adimu. Karibuni basi, hata msiokuwa na shahada.

Elimu ya kiwewe ni changa. Madaktari wa akili wa Marekani waliyapa rasmi jina maradhi yanayofuata maafa mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Mwaka 1992 daktari wa akili Judith Herman akapanga hatua tatu ambazo walimu wa fani hii wangali wakizitaja: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi katika maisha ya watu. Mpango mzuri. Lakini mzaliwa wa Uvira ana haki ya kuuliza usalama huo unaanza lini. Vita vya 1996 vilipita hapa. Vya 1998 vikaleta mauaji ya Makobola, karibu na hapa. Juni 2014 watu wakauawa Mutarule, katika bonde la Ruzizi. Aprili 2020 mto Mulongwe ukafurika, ukabomoa hata nyumba ambazo risasi zilizisamehe. Kijana wa hapa hajaishi baada ya vita. Ameishi vipindi vya utulivu, na kazi yetu hufanyika humo humo.

Inawezekana? Kwa kiasi, ndiyo. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, mtafiti Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi kuwahudumia wakimbizi wenzao, Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha dalili zikipungua. Katika njia waliyofundishwa, mtu hulaza kamba chini iwe maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka mawe penye mabaya na maua penye mazuri, kisha akasimulia tukio baada ya tukio, taratibu, akisaidiwa kulirudisha kila moja mahali pake na wakati wake. Nayapenda hayo maua. Wengi wetu tuliofundishwa fani hii tumekuwa mafundi wa kuhesabu mawe. Nako Beni, Kongo hii hii, utafiti wa 2013 uliwafuata wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 walioguswa na ukatili wa kingono. Waliohudumiwa katika makundi walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa bado wanangoja zamu.

Tahadhari moja hapa: kusimulia hakulazimishwi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba watu wasikusanywe mara tu baada ya maafa ili waeleze yaliyowapata kana kwamba maneno peke yake ni dawa.

Sehemu kubwa ya kitabu, hata hivyo, inahusu uhusiano. Jeraha la kiwewe lilitiwa na watu, mara nyingi watu waliojulikana, na ndiyo maana hujitokeza pale pale penye watu. Mvulana aliyezoea kukaa macho usiku kucha huona dharau katika ukimya wa mchumba wake. Msichana aliyejifunza kukubali ili asipigwe hajui bado kukataa, hata mbele ya anayempenda kweli. Mtafiti Theresa Betancourt, aliyewafuatilia tangu 2002 vijana wa Sierra Leone waliokuwa wamepelekwa vitani wakiwa watoto, aliona kwamba kupokelewa na familia na majirani kulibadili sana njia yao ya kupona. Wakristo wa Kiquaker wa Rwanda na Burundi, tangu 2003, huwakalisha pamoja kwa siku tatu watu wa pande zilizoumizana, wakachora mti wa kutoaminiana na mizizi yake, kisha wa kuaminiana. Uvira, ambako kila kabila lina kumbukumbu yake ya 1996, zoezi hilo si mchezo, na msimamizi asiyejua upande wake mwenyewe ataliharibu.

Tutaanza na usingizi. Ukimuuliza kijana aliuawa nani mbele yake, atainuka aende. Ukimuuliza kama analala, atakujibu bila aibu, na hapo mazungumzo yameshaanza.